"Bega Linauma" Si Jina la Ugonjwa

Wasee, mkisikia neno historia wengi wenu mnawaza wafalme, vita na tarehe za mtihani. Leo nawaletea historia ya kitu kidogo sana: herufi moja na tarakimu chache ambazo huandikwa kwenye faili lako ukishatibiwa. Mtu akikutajia S43.0 mtaani utadhani ni namba ya matatu. Kumbe ni bega lililochomoka.

Hiyo inaitwa misimbo ya magonjwa. Shirika la Afya Duniani, WHO, lina orodha moja ya kimataifa, na ndani yake kila ugonjwa na kila jeraha lina msimbo wake. Huo msimbo ndio husomwa na watu ambao hawatawahi kuona uso wako: bima, wizara, watafiti, na daktari utakayemwona mwaka ujao katika mji mwingine. Kwao wewe ni kile kilichoandikwa pale. Kikiandikwa vibaya, basi wanamjua mtu mwingine.

Nimechagua bega kwa sababu mbili. Moja, tunaishi nchi ya bodaboda. Ukirushwa na pikipiki, kofia inaokoa kichwa, lakini bega halina kofia. Mbili, nilisomea rekodi za afya mihula minne kabla karo haijanitoa chuo, na katika mwili wote hakuna sehemu iliyonisumbua kama bega.

Msimamo wangu nausema mapema ndiyo tusizungushane: jina lisilo sahihi ni jeraha la pili. La kwanza ulilipata barabarani, la pili unapewa kwenye karatasi.

Bega moja, majina kibao

Bega si kitu kimoja. Ni mifupa mitatu inayokutana: mtulinga, ule wa mbele unaoanzia chini ya shingo; kombe la bega, lile bapa la mgongoni; na mfupa wa mkono wa juu. Kichwa cha mfupa wa mkono ni duara, na kinakaa kwenye kikalio kidogo sana cha kombe. Chukua chungwa, liweke juu ya kisosa cha kikombe cha chai. Sasa mwambie mtu akusukume. Ndiyo maana katika viungo vikubwa vya mwili, bega ndilo linaloongoza kwa kuchomoka, na zaidi ya mara 9 kati ya 10 linachomokea mbele.

Lugha yetu ya nyumbani nayo haisaidii. Sisi husema tu "bega limeteguka". Neno hilo moja linabeba msuli uliovutika, kano iliyochanika, na mfupa uliotoka kabisa mahali pake. Kwa mama wa kukanda, yote ni teguko. Lakini kwenye ile orodha ya WHO, toleo la 10, tazama vile mambo yanagawanyika:

S42.0 ni mtulinga uliovunjika. S42.2 ni mfupa wa mkono uliovunjika pale juu. S43.0 ni kiungo cha bega kilichochomoka. S43.1 ni pale mtulinga unapoachana na kombe la bega. S43.4 ni teguko lenyewe, bila kuchomoka. S46.0 ni kano za ule mzunguko wa misuli unaoshikilia bega. M75.0 ni bega lililoganda. M24.4 ni kiungo kinachochomoka tena na tena. Halafu kuna M25.5, ambayo ni maumivu ya kiungo, basi.

Hayo yote, mgonjwa akifika dirishani, anasema kitu kimoja: bega linauma. Kazi ya daktari ni kutoka hapo hadi kwenye jina. Na hiyo kazi ina miaka mingi kuliko unavyodhani.

Misri ilianza mapema

Mwaka 1862, Mmarekani mmoja anayeitwa Edwin Smith alinunua gombo la mafunjo pale Luxor, Misri. Gombo lenyewe ni la karibu mwaka 1600 KK, na wataalamu wanaamini lilinakiliwa kutoka maandishi ya zamani zaidi. Ndani yake mna wagonjwa 48, wamepangwa kuanzia kichwani kushuka chini. Kila mgonjwa ana kichwa cha habari, vile alivyochunguzwa, uamuzi na tiba. Na uamuzi ulikuwa wa aina tatu tu: hili nitalitibu, hili nitapambana nalo, hili halitibiki.

Sasa shika hii. Mgonjwa wa 34 ni mtulinga uliochomoka. Mgonjwa wa 35 ni mtulinga uliovunjika. Mfupa ule ule, ukurasa ule ule, lakini tabibu wa Misri alikataa kuwaweka pamoja, kwa sababu alijua tiba zao si moja. Leo hao wawili tungewapa S43.2 na S42.0. Zaidi ya miaka 3,500 imepita na bado kuna faili ambazo mtu ameandika tu "jeraha la bega". Hapo unajiuliza nani ametangulia.

Galen na mieleka

Stori ninayoipenda kuliko zote ni ya Galen. Huyu ni tabibu aliyezaliwa mwaka 129 huko Pergamon, nchi ambayo sasa ni Uturuki, na maandishi yake yalitawala udaktari kwa zaidi ya miaka 1,000.

Kabla yake, Hippocrates alikuwa ameshaonya katika maandishi yake kuhusu viungo. Alisema kuna jeraha la juu ya bega, pale mtulinga unaposhikana na kombe, ambalo huwachanganya matabibu. Mfupa ukiachana pale, bega linaonekana limeshuka na kubonyea, na mtu asiye makini atasema kiungo chenyewe kimechomoka.

Galen alikuja kulijua onyo hilo kwa mwili wake. Akiwa na miaka kama 35, alianguka akicheza mieleka. Mwalimu wa mieleka akaona bega limeshuka, akasema limechomoka, akaanza kuuvuta mkono arudishe mfupa. Galen akajipapasa kwapani. Akikosa kuona kichwa cha mfupa pale ambapo kingekuwa kimeangukia, akaelewa mara moja: hakijatoka. Akawaambia waache kuvuta. Akafungwa bandeji za kukaza, akavumilia siku 40, akapona.

Kwa misimbo ya leo, mwalimu alisema S43.0 na jibu lilikuwa S43.1. Tarakimu moja tu baada ya nukta. Lakini tofauti ya hiyo tarakimu ni mkono kuvutwa kwa nguvu bila sababu na kuharibu kilichobaki. Mtu akikuambia misimbo ni mambo ya karani, mpe hiyo stori ya Galen.

Nani aliamua tuanze kuhesabu?

Mpaka hapo ni tabibu na mgonjwa wake. Kuhesabu watu wote kulianza kwa sababu ya kifo. London ya miaka ya 1600 ilikuwa ikichapisha kila wiki orodha ya waliokufa na kilichowaua. Waliokwenda nyumba kwa nyumba kuangalia maiti walikuwa akina mama wazee, si madaktari. Kwenye orodha zile utakuta mtu ameuawa na "meno", mwingine "ghafla", mwingine "sayari". Mwaka 1662, muuza nguo mmoja, John Graunt, alizikusanya hizo orodha na kuchapisha kitabu kilichoonyesha kwamba hata data chafu hivyo inaweza kusema ukweli fulani kuhusu mji.

Karibu miaka 180 baadaye, William Farr akiwa kwenye ofisi ya usajili ya Uingereza alikuwa bado analia na shida ile ile: ugonjwa mmoja una majina matatu au manne, na jina moja linatumiwa kwa magonjwa kadhaa. Alitaka majina yawe kama vipimo vya dukani. Kilo ya Mombasa iwe kilo ya Kisumu.

Mwaka 1893, Chicago, Mfaransa Jacques Bertillon akatoa orodha ambayo nchi mbalimbali zilianza kuitumia na kuirekebisha kila baada ya miaka kama 10. Hiyo ndiyo nyanya ya misimbo yetu. Lakini ilikuwa orodha ya vifo. Na bega, ndugu zangu, haliui mtu. Linakunyima kazi, linakunyima usingizi, linakufanya ushindwe kuvaa shati, lakini haliui. Ndiyo maana ilibidi kungoja hadi 1948, WHO ilipochukua orodha hiyo na toleo la 6 likaanza kubeba pia magonjwa na majeraha ya watu walio hai. Mimi huiona hiyo tarehe kama siku mtu aliye hai na maumivu alipoanza kuhesabiwa.

Daktari wa bega aliyekosana na watu

Sasa kuna msee mmoja anafaa kujulikana zaidi. Ernest Codman, alizaliwa Boston mwaka 1869. Alikuwa daktari wa upasuaji, na bega ndilo lilikuwa penzi lake.

Wakati wake madaktari walikuwa na jina moja zuri la kutupia kila bega linalouma na kukaza. Jina lilitoka kwa Duplay, daktari wa Paris, mwaka 1872, na maana yake ni uvimbe wa pembeni mwa kiungo. Likawa kama ile droo ya jikoni ambamo kila kitu kisicho na mahali hutupwa. Codman alikataa. Alichunguza, akapasua, akaonyesha kwamba baadhi ya wale waliokuwa wanaambiwa wana uvimbe walikuwa na kano iliyochanika, na kano iliyochanika inaweza kushonwa. Waliobaki, ambao bega limekaza bila kuchanika, aliwapa jina lao mwaka 1934 katika kitabu chake kuhusu bega: bega lililoganda. Na hakujidai, alikiri wazi kwamba ni hali ngumu kuieleza na ngumu kuitibu. Leo M75.0 ni hao, na waliochanika wana misimbo yao.

Lakini Codman alikuwa na jambo lingine lililomletea balaa. Alisema kila mgonjwa awe na kadi: alikuja na nini, tulidhani ana nini, tulimfanyia nini, na mwaka mmoja baadaye yuko aje. Kama hajapona, tuandike sababu. Yaani kama ni daktari alikosea, iandikwe daktari alikosea. Alifungua hospitali yake ndogo, na kati ya 1911 na 1916 akachapisha matokeo ya wagonjwa 337, pamoja na makosa 123. Makosa yake mwenyewe na ya wenzake, hadharani.

Mwaka 1914 alijiuzulu kutoka hospitali kubwa aliyokuwa akifanyia kazi, akipinga watu kupandishwa vyeo kwa miaka waliyokaa badala ya matokeo ya wagonjwa wao. Mwaka 1915, katika mkutano wa madaktari, akafunua katuni ya mbuni aliyezika kichwa mchangani huku akitaga mayai ya dhahabu, akimaanisha kwamba pesa zinaingia na hakuna anayetaka kuangalia kama watu wanapona. Ikawa noma. Alipoteza marafiki na vyeo. Alifariki mwaka 1940, na kaburi lake lilikaa bila jiwe la jina hadi 2014. Mtu aliyepigania kila kitu kipewe jina, akazikwa bila jina. Sina la kuongeza.

Pesa ilipoingia

Toleo la 10 lilipitishwa mwaka 1990. Toleo la 11 lilianza kutumika rasmi tarehe 1 Januari 2022. Lakini kilichobadilisha mchezo ni pesa. Mwaka 1983, bima ya serikali ya wazee kule Marekani ilianza kulipa hospitali kiwango kilichopangwa kulingana na utambuzi wa ugonjwa. Kuanzia hapo msimbo haukuwa tena takwimu tu. Ulikuwa bei.

Ndiyo maana Marekani ina toleo lake refu, lililoanza Oktoba 2015. Kule bega la kulia lililochomokea mbele, likiwa bado kwenye matibabu ya kwanza, ni S43.014A. La kushoto ni 015. Na kama mwandishi hakusema ni upande gani, kuna 016. Yaani wametenga msimbo mzima kwa ajili ya bega ambalo mtu alilitibu na hakukumbuka kuandika ni la kulia au la kushoto.

Pesa ikikaa kwenye jina, watu watalivuta jina. Kuna wa kuandika jeraha zito kuliko lilivyo ili walipwe zaidi, na huo ni wizi, tusiuite kitu kingine. Lakini kuna ubaya mwingine usioonekana: wa kuandika jepesi kwa sababu ni rahisi. Wa kwanza anaibia bima. Wa pili anakuibia wewe.

Na huku kwetu tumefika hapo pia. Tangu Oktoba 2024 SHA ilipochukua nafasi ya NHIF, kila mtu anaongea kuhusu makato. Sawa, tuongee makato. Lakini mchango wako ukishatolewa, kinachoiambia bima ulipatwa na nini ni utambuzi ulioandikwa siku ulipotibiwa.

Karatasi nne za kijana mmoja

Nikiwa mafunzoni kwenye chumba cha rekodi cha hospitali moja, msimamizi wetu alikuwa mama mmoja mpole lakini mkali kwa kalamu. Siku moja akanipa karatasi nne za kijana wa miaka 19, mwendesha boda.

"Kijana wangu, zisome hizi kama za mtu mmoja," akaniambia.

"Kwani si za mtu mmoja, mama?"

"Ndizo. Lakini kila aliyeandika aliona ya kwake tu."

Ndani ya miezi 14 yule kijana alikuwa amekuja mara nne. Mara ya kwanza: jeraha la bega. Mara ya pili: maumivu ya kiungo. Ya tatu na ya nne: bega limechomoka. Kila mara alihudumiwa na mtu tofauti, akarudishiwa mfupa, akafungwa mkono shingoni, akapewa dawa za maumivu, akaenda. Kila karatasi peke yake ilionekana sawa. Ukiziweka pamoja unaona kitu ambacho hakuna aliyekiandika: M24.4, bega linalochomoka tena na tena.

Tofauti ni hii. Bega lililochomoka mara moja linaweza kurudishwa na kupumzishwa. Bega linalorudia, hasa kwa kijana, mara nyingi lina ukingo wa kikalio uliochanika. Daktari wa London, Arthur Bankart, alilieleza hilo mwaka 1923, na upasuaji wa kuurekebisha bado unaitwa kwa jina lake. Yaani tiba ilikuwepo miaka 100 kabla. Kilichokosekana ni neno moja kwenye faili.

Yule mama hakubadilisha msimbo mwenyewe. Hiyo ni sheria: wa rekodi haandiki ugonjwa ambao mhudumu hakuutaja. Alichukua zile karatasi nne akaenda nazo kwa afisa wa kliniki, akamwonyesha, akangoja. Kijana akaitwa, akapewa barua ya kwenda kwa mtaalamu wa mifupa.

Najua mtasema nini. Foleni imefika getini, mhudumu ni mmoja, eksirei imeharibika, nani ana muda wa nukta sifuri na nukta moja? Ni ukweli, na sitamlaumu mtu aliyechoka. Tena kuna siku ambapo "maumivu ya kiungo" ndilo jibu la haki, kwa sababu picha haijapigwa na kujifanya unajua ni uongo. Mimi sina shida na M25.5 ya siku ya kwanza. Shida yangu ni M25.5 ya mwezi wa sita.

Kwa hivyo fanya hivi. Ukitoka kutibiwa bega, usiondoke na dawa peke yake. Uliza kwa heshima: Daktari, ni upande gani umeandika? Ni mfupa gani au kiungo gani hasa? Umeandika ni jipya au linajirudia? Na umeandika lilivyotokea? Kisha itunze ile karatasi kama unavyotunza kitambulisho, na ukienda hospitali nyingine uende nayo. Kama hii ni mara yako ya pili au ya tatu, sema kabla hujaulizwa.

Tabibu wa Misri aliandika kwa wino na mafunjo, na hakuwaweka wagonjwa wawili kwenye jina moja. Sisi tuna kompyuta. Bega lako linastahili angalau hicho.